Tulivyoitoa simu chumbani kwa kijana wetu

Nyumbani kwetu Tabata kila mtu alikuwa na dawa yake. Baba watoto alitaka simu ifungiwe kabatini Jumatatu mpaka Ijumaa. Bibi yao akija kutoka Korogwe alikuwa na hoja ya mionzi: "Mwanangu, hicho kidude kinampika mtoto ubongo, hasa akilala nacho chini ya mto." Mimi nilichokiona ni kijana wa kidato cha pili anayesinzia kwenye daladala, macho mekundu, na kichwa kinachomuuma siku za shule tu.

Nianze na mionzi, maana ilitupotezea muda mwingi. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka mawimbi ya simu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini kundi hilo, la 2B, ni la vitu ambavyo ushahidi wake bado ni haba, na baadaye alovera iliyokamuliwa jani zima nayo ikaingizwa humo. Mama mkwe hupaka alovera usoni kila asubuhi, kwa hiyo nilimsomea hilo kwa adabu na tukacheka. Nilikubaliana naye kwamba simu isilale chini ya mto, ila sababu yangu ilikuwa nyingine.

Sababu yangu ilikuwa usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Wa kwetu anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari. Ukirudi nyuma saa nane unafika saa tatu usiku. Nilipofungua mipangilio ya simu yake nikaangalia matumizi ya siku, nikakuta yuko hewani saa saba usiku, anaperuzi na kucheza gemu na wenzake. Nikauliza kwa nini saa hizo. Jibu lake lilikuwa la kibiashara kabisa: bando la usiku ni la bei chee. Mtoto asiye na kipato anasubiri watu wazima walale ndipo naye aingie mtandaoni!

Hatukumnyang'anya. Tulihamisha chaja. Sasa simu zote za nyumba hii zinachajiwa sebuleni, kwenye ekstensheni iliyo pembeni ya televisheni, kuanzia saa mbili na nusu usiku. Zote, pamoja na yangu, ya baba na ya dada anayetusaidia kazi. Hapo kwa dada ndipo palipovuja mwanzoni, maana kijana alikuwa akimwazima simu kwa kumuahidi vocha. Baba naye alilalamika kwamba kazini wanaweza kumpigia usiku. Tukaiacha yake na mlio mkubwa, na mlango wa chumba wazi kidogo, wakipiga anasikia.

Kijana alikuwa na hoja moja ya nguvu: "Mama, simu ndiyo inayoniamsha." Nikashuka Kariakoo nikamnunulia saa ya mezani yenye kengele. Inapiga kelele mpaka jirani anajua tumeamka.

Usingizi haukuja mara moja, na hapa nawaomba wazazi wenzangu mwe na subira. Mwanga wa kioo cha simu karibu na macho huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, lakini balehe yenyewe nayo huusogeza usingizi mbele. Kwa hiyo kijana anayekuambia saa tatu hana usingizi hakudanganyi. Wa kwetu tulimruhusu kusoma kitabu au kusikiliza redio kitandani. Siku nyingi analala karibu na saa nne, kwa hiyo saa nane hazitimii, na Jumamosi namwacha alale zaidi kidogo. Hata hivyo kichwa kimeacha kumuuma, na kwenye daladala sasa anagombania siti kama watu wengine.

Macho ni habari nyingine. Tulimpeleka kupimwa, ikaonekana haoni vizuri ubaoni, akapewa miwani. Mpima macho hakuilaumu simu peke yake. Alisema kuangalia vitu vya karibu kwa muda mrefu, hata vitabu, kunachangia, na kwamba mtoto akikaa nje kwenye mwanga wa mchana anapunguza uwezekano wa kupata tatizo hilo. Kinga hiyo hufanya kazi zaidi kabla tatizo halijaanza, kwa hiyo aliyefaidika ni mdogo wake wa miaka tisa, ambaye sasa akitoka shule anakwenda uwanjani kabla ya kugusa simu ya mtu. Kaka yake tulimfundisha kila baada ya dakika 20 ayatoe macho kwenye kioo na kutazama mbali kwa sekunde 20. Husahau.

Kitinda mimba wetu ana miaka mitatu, naye alishazoea kulishwa uji huku akiangalia katuni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa chini ya miaka miwili ni bora asipewe kabisa. Tulihamishia uji mkekani, pamoja na wenzake. Alisusa, akalia, dada akanikasirikia mimi. Njaa ikamaliza mjadala.

Kinachotusumbua mpaka leo ni kundi la WhatsApp la tusheni. Maswali hutumwa saa nne usiku, na asiyeyaona anaambiwa mvivu. Kwa sasa baba yake anayanakili kwenye karatasi anapokwenda kufunga mlango, kijana anayakuta asubuhi mezani. Tumeomba yawe yanatumwa mchana, bado hatujajibiwa. Halafu likizo ya Juni inakuja, na kijana ameshaomba kikao. Anataka saa mbili na nusu isogee hadi saa nne, na hoja zake safari hii ameziandika.