Mradi wa gitaa la kwaya: sauti ya mbao itoke kwenye spika (maendeleo)

Wadau habari zenu, nimerudi na ule mradi wa gitaa. Kwa wageni kifupi tu: ni gitaa la mbao lenye pikapu (kidaka sauti) ya piezo, ule ukanda mwembamba unaogeuza mtetemo kuwa umeme, unaolala chini ya kijiti cheupe kinachobeba nyuzi pale kwenye daraja. Napigia kwaya hapa Mtwara, naishi Shangani karibu kabisa na bahari, na upepo wa huku mnaujua, chumvi ilishaila bodi ya priampu (kile kikuza sauti kidogo cha mwanzo) iliyokuja na gitaa mpaka njia zake za shaba zikawa kijani. Ukanda wenyewe uko mzima. Kwa hiyo bodi nimeing'oa, ukanda nikauunga moja kwa moja kwenye jeki, halafu ndo kazi ikaanza. Ninachotaka ni kimoja, yule mama anayekaa benchi la nyuma kabisa asikie gitaa lilelile ambalo watoto wangu wanalisikia nikipiga barazani.

Kabla ya kugusa chochote nilijirekodi kwa simu, nimeiweka kama futi moja mbele ya freti ya 12, nyumbani usiku kukiwa kimya. Hiyo rekodi ndo kipimo changu mpaka leo. Kila nikibadilisha kitu naisikiliza kwanza, maana masikio yanazoea haraka sana, ukikaa na sauti mbovu saa nzima unaanza kuiona nzuri.

Sasa pale kanisani nikachomeka kwenye tundu la laini la miksa. Besi hakuna! Sauti nyembamba, inatoka kama mpira wa manati unaachiwa, na ukipandisha besi kwenye miksa hupati besi, unapata mvumo tu wa umeme. Watu wengi wakifika hapa wanasema pikapu mbovu na wanaenda kununua nyingine, nawaomba msifanye hivyo kabla hamjaangalia waya unaingia wapi. Piezo kiumeme ni kapasita (kitunza chaji) ndogo mno, wangu nimeupima kwa mita unasoma karibu na nanofaradi 1. Tundu la laini la miksa nyingi lina ukinzani wa omu elfu 10 hivi. Ukiunganisha hivyo viwili unakuwa umetengeneza kichujio kinachokata kila kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 16,000, na uzi wa sita ukiwa wazi unalia kwenye hezi 82, sasa niambieni hapo besi itapita wapi? Ukipata tundu lenye omu milioni 1 kikomo kinashuka mpaka hezi 160, hapo gitaa linaanza kusikika ila bado chini pamekatwa. Omu milioni 10 unafika hezi 16, gitaa lote linapita.

Kwa hiyo nikaamua kutengeneza priampu yangu yenye omu milioni 10 mlangoni, nikaenda kwa fundi wangu wa redio pale sokoni. Nikamwambia fundi naomba IC (chipu ya kukuza sauti) ya TL072, akasema, "Ipo kwenye ile miksa mbovu pale kijana wangu, itoe mwenyewe, ila usiniunguzie bodi, vingine navitaka." Hii IC inapatikana kwenye vyombo vingi vya muziki vilivyokufa, na uzuri wake mlango wake hauvuti karibu chochote kutoka kwenye pikapu. Rizista (kile kidude cha ukinzani) ya omu milioni 10 hakuwa nayo, nikaunga mbili za milioni 4.7 mkia kwa kichwa, imetosha kabisa. Betri ni ya volti 9, na jeki nimeweka ya stirio ili batri iwake pale tu waya unapochomekwa, kwa hiyo ukimaliza ibada chomoa waya, ukiacha umechomekwa betri inaliwa usiku kucha. Kabodi kote ni kadogo kuliko kiberiti na kanakaa NDANI ya gitaa karibu na daraja. Kukaa ndani kuna maana yake, waya mrefu kati ya piezo na priampu unapunguza nguvu ya sauti na unadaka mvumo wa taa za tyubu. Bodi nimeipaka rangi ya kucha tabaka mbili, ile chumvi isirudi.

Jamani besi ilirudi. Mwalimu wa kwaya aligeuka kuangalia nimeleta gitaa gani.

Ila ukali fulani wa sauti kama ya plastiki ukichapa nyuzi kwa nguvu ulibaki, na huo ni asili ya ukanda wa chini ya kijiti, unahisi mgandamizo wa nyuzi tu, ubao wa mbele na hewa ya ndani ya gitaa hauvisikii. Kwenye miksa nimepunguza kama desibeli 4 karibu na hezi 2,000 na trebo (sauti za juu) kidogo, sijaongeza kitu popote. Ukitaka sauti ya asili punguza, kuongeza kunaleta matatizo mengine.

Na tatizo lingine lilikuja lenyewe. Besi ikishakuwepo gitaa linaanza kunguruma, hasa nikishika G ya uzi wa sita, kwa sababu hewa ya ndani ya gitaa kubwa kama hili ina mlio wake karibu na hezi 100 na G ile ni hezi 98, spika ikiitoa tumbo la gitaa linaitika na mzunguko haukatiki. Paa letu la bati nalo halisaidii. Dawa yake nimekata soli ya ndala ya zamani mviringo, pana kidogo kuzidi tundu la gitaa, nikaichomeka. Inabana vizuri, mngurumo umepungua sana na mbele ya watu sauti haijaharibika.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni hii ya sasa. TL072 ina amplifaya mbili ndani na nilikuwa natumia moja, kwa hiyo ile ya pili nimeipa kidude cha piezo cha mviringo, vile vya milimita 27 vinavyotoka kwenye ving'ora vidogo. Nimekigandisha kwa supagluu ndani ya gitaa, kwenye kibao cha chini ya daraja, upande wa nyuzi nyembamba. Hiki kinasikia ubao! Ukigonga ubao wa gitaa kwa kidole inatoka "tup" ya mbao kabisa. Kikiwa peke yake kinavuma mno, lakini theluthi moja yake juu ya ukanda, sauti inasogelea ile rekodi ya barazani kiasi kwamba mke wangu alisema sasa ndo gitaa. Mkijaribu angalieni fezi, yaani mawimbi ya pikapu mbili yapande na kushuka pamoja yasije yakafutana, mwanzoni kila nikichanganya besi ilikuwa inapotea, nimeigeuza kwenye amplifaya ya pili ikakaa.

Kilichobaki ni uzi wa kwanza na wa sita kutoka kwa nguvu kuliko za katikati. Kijiti cha plastiki kimepinda chini, hakiukandamizi ukanda sawasawa. Mfupa wa ng'ombe nimeshapata buchani, umechemshwa na unakauka kivulini, nikishauchonga na kuupiga msasa juu ya kioo uwe bapa nitawaletea majibu.