Vile tulipanga wanafunzi wa atachmenti kituoni kwetu

Mimi ni nesi inchaji wa kituo cha afya, levo 3, huku ndani ndani upande wa Mumias. Vyuo hutuletea wanafunzi wa unesi na wa klinikal medisin, na ukweli usemwe, zamani walikuwa wanakuja kuchosha viti tu. Wanalala mjini, asubuhi wanangoja boda, wanafika saa nne, saa nane wakiona mawingu yamekusanyika (na huku mvua ya mchana haikosi) hao wameenda. Kazi yao ni kufunga dawa kwa bahasha na kujaza rejista, halafu mwisho wananiletea logibuku, kile kitabu cha kuandika kazi walizofanya, nisaini eti wamesoma afya ya jamii. Jamii gani na hawajavuka geti?

Nilianza na nyumba. Kulikuwa na moja ya stafu imejaa katoni za neti na vitanda vimevunjika. Nikapeleka maneno kwa kamati, mzee mmoja akauliza kwa nini pesa ya kituo ilaze watoto wa watu, nikamwambia mzee wangu, hawa wakilala hapa, mama akiletwa na uchungu usiku nesi wa zamu hatakuwa peke yake. Akanyamaza, halafu akauliza mabati yanatakikana mangapi. Hapo ikaisha.

Sasa wakishalala hapa, watafanya nini? Nikawagawia ma-CHP, wale wahudumu wa afya wa vijijini. Hawa tangu 2023 walipewa begi la mashine ya presha na ya sukari, kila mmoja anaangalia kama boma 100 hivi, anajua nani ana mimba na nani aliacha dawa. Mwanafunzi anapewa CHP wake na boma chache, zile zile mpaka amalize, si leo hapa kesho pale. Ma-CHP wengine walinung'unika, na siwalaumu, 5,000 kwa mwezi na bado unamuongezea mtu wa kutembeza na kumtafsiria Kiwanga, kwa hivyo tukaelewana wanafunzi watawasaidia ile app yao ya kwa simu ya kurekodi kazi ikisumbua, maana wengine ni wamama wa makamo na hiyo simu huwa inawatoa jasho.

Ijumaa mchana tunakaa chini, kila mwanafunzi anaeleza boma moja. Kulikuwa na kukhu (nyanya) wa presha, kliniki hakosi, dawa anapewa, presha iko juu tu, tulikuwa tumebakisha kumwongezea dozi. Kijana wa klinikal akaenda kwake na CHP akaomba kuziona hizo dawa. Kukhu akashusha mkebe wa Kimbo kutoka juu ya kabati, vidonge vya miezi vimejaa. "Daktari, mimi humeza kichwa kikiuma." Kijana alipoeleza hiyo klinikal ofisa wetu alishika kichwa. Dozi haikuongezwa, CHP akaanza kupitia pale jioni akienda kwake, na presha ikaanza kushuka.

Na vyuo nimewaambia wasilete wengi kuliko vitanda, tena wanitumie mapema kile wanataka hao watoto wajue. Chuo kimoja kilikasirika kikapeleka wake kwingine, sawa tu.

Shida imebaki lekchara. Anakuja wiki ya mwisho, anakagua logibuku akiwa kwa ofisi yangu, kwa boma hataki kufika. Kundi linalokuja nimeshaandikia chuo kwamba nitasaini logibuku huko huko bomani, mwanafunzi akiwa kazini, na lekchara wao aje na gambuti.