Nicodemus ya Kansas: mji uliokosa reli, ukabaki na ardhi

Ukitoka Hays kwenda kaskazini kwa barabara ya 183, unapita Plainville, unafika Stockton, halafu unakata kushoto kuishika barabara ya 24. Kuanzia hapo ni ngano, mtama, malisho ya ng'ombe na mashine za kuvuta mafuta zinazoinama na kuinuka mchana kutwa bila mtu karibu. Kwa mwendo wa kawaida wa huku, Nicodemus, mji ulioanzishwa na Weusi waliotoka utumwani, unaipita hata hujamaliza kusoma kibao chake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14. Duka hakuna, sheli hakuna, na posta ilifungwa mwaka 1953.

Wengi wetu Wakenya tulioko Kansas tunaishi Wichita au Kansas City, na wanaofika magharibi ni madereva wa malori wanaopita kwenye barabara kuu ya I-70 wakielekea Denver. Mimi kazi ya kuhudumia wazee ndiyo iliyonileta upande huu. Nimetembea sehemu nyingi za jimbo hili, na sijaona mahali panaponihusu mimi, mtu wa Kisauni, Mombasa, kama hapa.

Nianze na ardhi, maana bila ardhi historia yake haieleweki. Mji uko kwenye nyanda za juu za kaunti ya Graham, mita kama 600 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa tawi la kusini la mto Solomon. Mto wenyewe ni mwembamba, na miti iko kwenye kingo zake tu. Kwingine kote ni nyasi na anga. Longitudo ya 100 inapita kilomita thelathini na kitu magharibi ya mji, na tangu karne ya 19 mstari huo umehesabiwa kuwa mpaka: mashariki yake mkulima anategemea mvua, magharibi yake anabahatisha. Nicodemus imekaa ukingoni kabisa. Ndiyo maana mtama umeshika huku. Kansas inaongoza Marekani nzima kwa zao hilo, ambalo asili yake ni Afrika, ingawa hapa sehemu kubwa inaishia kwenye matumbo ya mifugo. Mwezi wa Oktoba niliokota kishuke kando ya barabara, nikakisugua kiganjani na kupuliza makapi. Punje nyekundu, ngumu, zenye vumbi jeupe kwa chini. Mtu yeyote aliyekulia kwenye uji wa mtama angezitambua gizani.

Sasa fikiria watu waliotoka Kentucky, nchi ya vilima na misitu, wakiletwa hapa. Utumwa ulikuwa umefutwa kikatiba mwaka 1865, lakini miaka kumi na miwili baadaye wengi wao walikuwa bado wanalima mashamba ya waliokuwa mabwana zao. Aprili 1877 kampuni ya kuanzisha mji iliandikishwa na watu saba, sita Weusi na Mzungu mmoja, W. R. Hill. Mwenyekiti alikuwa mchungaji Mweusi, W. H. Smith. Vipeperushi vikasambazwa: njooni Kansas, ardhi ipo. Na kweli ilikuwepo. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kuandikisha ekari 160 za serikali, akae juu yake na kuilima miaka mitano, kisha apewe hati. Bila shaka ilikuwa ardhi waliyoporwa wenyeji wa asili, na hilo lazima lisemwe.

Septemba 1877 kundi kubwa la watu zaidi ya 300 lilishuka treni mjini Ellis. Kutoka hapo walikwenda kama kilomita 55 nyikani, wengi kwa miguu. Walipofika hapakuwa na mji. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita, mbao za kujengea hazikuwepo, na wachache waliotangulia walikuwa wakiishi kwenye vibanda vilivyochimbwa ardhini. Hasira zikapanda hadi Hill akalazimika kujificha. Familia kama 60 ziligeuza njia.

Willianna Hickman, aliyefika na kundi la mwaka 1878, aliacha kumbukumbu ninayoirudia kila mara. Alimuuliza mumewe Nicodemus iko wapi, mbona haioni. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini, hapa na pale, akamwambia ndiyo ile. Akalia. Hata hivyo alibaki, na mumewe, Mchungaji Daniel Hickman, akaanzisha kanisa.

Majira ya baridi ya kwanza yalikaribia kuwamaliza. Huku upepo wa Januari hauna kitu cha kuuzuia. Unakata masikio hata ukiwa umevaa koti mbili, nao walikuwa chini ya ardhi wakichoma mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati. Wazee wa Nicodemus wanasimulia kwamba Waosage, kabila la wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Jenny Fletcher akaanza kufundisha watoto nyumbani kwake, na mumewe Zachary akawa msimamizi wa posta wa kwanza. Masika ilipofika, farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi walilima kwa jembe la mkono na sepetu, kwenye udongo wenye mizizi ya nyasi iliyosukana kwa karne nyingi.

Walifanikiwa. Kufikia mwaka 1887 palikuwa na hoteli, benki, makanisa, timu ya besiboli na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyehamia hapa mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Mtu Mweusi, miaka 17 tu baada ya utumwa kufutwa!

Kilichouangusha mji ni reli. Mwaka 1887 wananchi walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta Missouri Pacific ipite kwao. Haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikatandika njia yake kusini ya mto, kilomita kama kumi kutoka hapa, ukazaliwa mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakahama, wengine wakakokota na majengo yao. Ukame na mdororo wa miaka ya 1930 ukawaondoa wengine, na kufikia 1950 walibaki 16.

Mimi nimekulia karibu na Kengeleni, Mombasa, ambako kengele ya Frere Town bado imesimama. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Imetangulia Nicodemus kwa miaka miwili tu. Kule kwetu walipewa kanisa, shule na mahali pa kukaa, lakini ardhi ilikuwa ya misheni. Huku waliteseka kuliko wale wa kwetu, ila ekari ziliandikwa kwa majina yao. Naamini hii ndiyo sababu Nicodemus ya watu 14 bado ina watu wake, wakati Kisauni iliyojaa watu ina familia nyingi ambazo mpaka leo zinaitwa maskwota, watu wasio na hati ya ardhi wanayokaa, pale pale walipozikwa babu zao.

Watu wake utawaona wikiendi ya mwisho ya Julai. Wanatoka California, Colorado na miji mingine kwa mamia, wanasherehekea ukombozi na kukutana kama ukoo. Ukumbi wa mji, uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939, unajaa sufuria na vitukuu. Mbele ya picha za zamani nilimkuta bibi mmoja akimwonyesha mjukuu wake sura moja baada ya nyingine. Nilipomwamkia akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akanishika mkono, akaniketisha kando yake, akaendelea na picha zake, safari hii akitueleza wawili.

Tangu mwaka 1996 mahali hapa ni hifadhi ya kihistoria ya taifa: ukumbi, shule, hoteli ya St. Francis na makanisa mawili. Majengo yana wa kuyatunza. Mashamba ndiyo yananitia wasiwasi. Yakigawanywa kwa warithi wa kizazi cha nne na cha tano waliotawanyika nchi nzima, kuuza kunakuwa rahisi kuliko kukubaliana, na wakulima Weusi waliobaki hapa ni wachache mno. Miaka ya 2000 walijaribu hata tefu, ile nafaka ya Ethiopia, wakitafuta zao la kuwaingizia pesa zaidi ya ngano.

Ukitaka kuja, kiingilio hakuna. Pa kulala tafuta Hill City au Hays. Njoo Julai, na usiishie ukumbini: mwombe mzee yeyote akupeleke shambani kwao. Wanapenda kuulizwa, na wengi bado wanajua mpaka wa ekari 160 za babu yao unapoanzia na unapoishia.