Baiti ya Ishirini na Nne

Kijana ninayefanya naye kazi hapa Kondele, Kisumu, alinionyesha jana picha ya skrini iliyojaa 6b6b6b6b, akauliza, "Mwalimu, namba hizi zimetoka wapi?" Nilimweleza kwamba ukaguzi ukiwashwa, kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoendesha kompyuta, huijaza baiti 6b kumbukumbu ambayo programu imekwisha kuitumia na kuirudisha, ili atakayeigusa baadaye abainike. Aliridhika akaendelea na kazi yake, lakini mimi mawazo yangu yalirudi kwenye mizani ya miwa ya kiwanda nilichowahi kukifanyia kazi.

Kompyuta ya kiwanda kile ilisoma uzito wa trekta kupitia waya wa USB, na ilikuwa ikizima bila saa maalumu. Leo lawama iliangukia mtandao, kesho mfumo wa faili, na kote nilipochungulia sikuona kosa. Nilipoongeza mistari ya kuchapisha taarifa, hitilafu ilitoweka kwa sababu uchapishaji ulibadilisha mwendo wa kazi, nilipoiondoa, ilirejea. Wakati huo wote trekta zilisimama juani, na muwa uliokatwa hupungua uzito kadiri unavyokawia, ilhali mkulima alilipwa kwa uzito. "Fundi, mashine imelala tena," karani wa mizani aliniambia, "na wenye miwa wananiangalia mimi."

Niliwasha ukaguzi wa kumbukumbu, nikaketi ndani ya kile kibanda cha mabati, nikawa nauchomoa na kuurudisha waya huku vipimo vikiendelea kuingia, kwa kuwa nilishaona kwamba kila trekta ilipopanda mizani, mtikisiko uliulegeza. Hatimaye skrini ilisimama ikionyesha anwani moja: 6b6b6b83. Programu ilikuwa imesoma anwani kutoka kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, ikapata 6b6b6b6b, kisha ikasogea mbele baiti kadhaa kutoka hapo. Nilichukua tiketi ya mizani iliyoharibika, nikatoa 6b6b6b6b kwa kalamu nyuma yake, ikabaki 18 ya hesabu ya kumi na sita, yaani 24 ya kawaida. Nikafungua msimbo wa kiendeshi, programu iliyoiunganisha mizani na kompyuta, na kuhesabu baiti kuanzia juu, nne, nane, kumi na mbili, kidole kikishuka polepole, hadi nilipofika ya 24, mahali pa kuandikia kipimo cha mwisho cha uzito. Ni kazi moja tu iliyoandika hapo, ile iliyoamshwa na kipima muda.

Prosesa nayo ilikuwa na viini vyake viwili, sehemu mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Waya ulipochomoka, kiini kimoja kiliita del_timer, amri ya kufuta kipima muda, kisha kfree, amri ya kurudisha kumbukumbu, lakini del_timer ilikiondoa kipima muda kilicho bado foleni tu. Haikungojea kazi iliyokwisha kuanza kwenye kiini cha pili. Ilikuwa sawa na mwenye nyumba kumpangisha mtu mwingine chumba huku mpangaji wa kwanza angali ndani anapika.

Dawa ilikuwa del_timer_sync, ambayo ilingoja kazi hiyo iishe. Haikutosha kubadilisha jina peke yake, kwa kuwa kazi inayoondoa ilikuwa imeshika kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa wakati, ambalo kazi ya kipima muda nayo ililihitaji, na zingengojeana milele. Nililiachilia kufuli kwanza, nikaweka alama ya kuzuia kipima muda kisiwashwe upya. (Tangu toleo 6.2 la mwaka 2023 ipo timer_shutdown_sync, inayolifanya hilo la mwisho yenyewe.) Mistari yote ilikuwa michache, na mashine haikulala tena msimu ule.

Nilipomweleza karani, nilisema kwamba kabla ya marekebisho, uzito uliweza kuandikwa ndani ya kumbukumbu iliyokwisha kupewa kazi nyingine, na kwamba tuliona zile mara tu ambapo mashine ilianguka. Alinyamaza kidogo, akauvuta mtoto wa meza wenye mafungu ya nakala za tiketi.

"Kwa hiyo, fundi, hizi za nyuma?"

Nilimjibu kwamba kumbukumbu iliyoguswa ingeweza kuwa ya kitu chochote, na kwamba sikuwa na njia ya kumthibitishia kuwa hakuna tarakimu ya mkulima iliyobadilishwa. Tulianza kuzilinganisha na daftari aliloandika kwa mkono, lakini daftari lile lilikuwa na siku zile tu ambazo mashine ilizima.