Masika yakiingia, giligilani ingoje

Mvua za kwanza za Machi zikishalowesha udongo wa Dar es Salaam, kila kitu uani huchipua kwa pupa, na mtu hushawishika kupanda mbegu zote alizonazo kabatini. Kwa viungo vya majani, kosa huanzia hapo. Mchaichai, nanaa na mrehani huitaka mvua. Giligilani na rozimari huiogopa, kila mmoja kwa sababu yake.

Mbona mimea ya kwenye ndoo iliyokuwa ikimwagiliwa kila jioni tangu Januari hustawi ghafla kwa mvua mbili tu? Mara nyingi jibu ni chumvi. Visima vingi vya mjini vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, na kila unapomwagilia, maji hukauka chumvi ikabaki. Dalili yake ni kingo za majani kuwa kahawia na kukauka kama zimeunguzwa. Mvua kubwa huisukuma chumvi hiyo chini mpaka itoke nje ya chombo, ilimradi chombo kina pa kuitolea.

Ndoo ya lita 20 ipewe matundu sita hadi manane, upana wa kidole kidogo. Mengine yatobolewe ubavuni karibu kabisa na kitako, kwa sababu ya chini huzibwa na sakafu. Iinue juu ya vipande vya tofali. Kokoto ndani ya ndoo hazisaidii, ingawa karibu kila mtu huziweka: maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi hubakiwa na nafasi ndogo zaidi ya kupumua. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni utakurudishia chumvi ileile.

Mchaichai ndio wa kugawa wakati huu. Chimbua shina zima, tenganisha machipukizi moja moja, kila moja likiwa na mizizi yake, kisha kata majani yabaki kama sentimita 15. Usipoyakata, majani yatapoteza maji mengi kuliko mizizi iliyojeruhiwa inavyoweza kunyonya, na mche utanyauka hata mvuani. Fukia sehemu nyeupe tu. Ukizidisha, kiini huoza. Nafasi ya sentimita 60 itaonekana ya kifahari mwanzoni, lakini baada ya miezi sita hutaweza kupitisha mguu. Uvune ukiacha sentimita 10 juu ya ardhi.

Mrehani ukifika urefu wa kiganja, kata ncha juu kidogo ya jozi ya pili au ya tatu ya majani. Kwenye kila kikwapa, yaani pembe kati ya jani na shina, litatoka chipukizi, na shina moja litakuwa mawili. Rudia kila tawi linapopata jozi tatu. Maua yaondoe yakiwa bado machanga, kwani yakikomaa majani hupungua na kuwa machungu, ila kama unayataka kwa kikuba, hilo ni jambo jingine. Masika yakikolea, geuza majani: ukiona unjano juu na ukungu wa kijivu chini, huo ni ubwiri vinyoya. Ng'oa mche huo, tenganisha iliyobaki ipitishe upepo, na umwagilie udongo, si majani.

Nanaa ikae peke yake kwenye ndoo, maana hutambaa chini kwa chini na kuwameza majirani. Vidonda vya rangi ya chungwa chini ya jani ni ugonjwa wa kutu. Kata shina zote hadi usawa wa udongo, uzitupe mbali, na isichipue tena chini ya mabaki yake.

Rozimari ni mmea wa miinuko na ukavu. Lushoto hustawi, pwani huvumilia tu. Masika yote ikae chini ya kipaa cha nyumba, nusu ya udongo wake ikiwa mchanga. Ncha zikiinama na udongo ungali umelowa, usiongeze maji. Mizizi imeshaanza kuoza.

Giligilani, ambayo Wakenya huiita dania, isubiri mwisho wa Mei. Ikipandwa Aprili, miche hulala chini ikiwa imekatika kwenye usawa wa udongo: ni kinyausi, unaoletwa na vimelea wanaopenda udongo uliolowa na miche iliyosongamana. Ikipandwa kwenye joto la Februari, hukimbilia maua. Kila tunda lina mbegu mbili, hivyo lisugue taratibu kwa kitako cha chupa lipasuke, loweka usiku mmoja, sia kwa kina cha sentimita moja. Huota kati ya siku 7 na 14. Usihamishe miche, kwa kuwa mzizi wake mkuu hauvumilii kusumbuliwa. Punguza tu mpaka ibaki sentimita 5 kati ya mche na mche. Majani ya katikati yakianza kutoka membamba kama nyuzi, maua yapo njiani, na kukata hakutayazuia. Ndiyo maana husiwa kidogo kidogo kila wiki mbili hadi Agosti.

Baada ya wiki kadhaa za mvua, majani ya chini yakigeuka njano, ingiza kidole sentimita 5. Udongo ukinuka uvundo, maji yamekwama; zibua matundu. Ukiwa mzuri tu, mvua imeosha naitrojeni, chakula cha majani, na kiganja cha mboji kwa kila ndoo kinatosha. Samadi mbichi ya kuku itaunguza mizizi.

Usiku, konokono. Majivu hayafai kitu yakishalowa, na chumvi utaikuta tena kwenye udongo mwezi ujao. Waokote kwa tochi na ndoo tupu, mvua ikiwa imekatika kwa muda wa saa mbili.