Nilivyothibitisha kuwa ni peptidi, si uchafu

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita kiasi. Panya waliochanjwa kwa protini ya virusi vya mafua iliyochanganywa na peptidi yetu (mnyororo mfupi wa asidi amino, tuliyoijaribu kama kiongeza nguvu cha chanjo) walitoa kingamwili nyingi kuliko wale waliopata protini hiyohiyo na chumvi ya aluminiamu, kiongeza nguvu cha chanjo kinachojulikana tangu miaka ya 1920. Mkuu wa maabara aliitazama grafu akaniuliza: "Endotoksini umepima?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Protini yetu ilizalishwa ndani ya bakteria E. coli, ambaye ukuta wake umejaa endotoksini, yaani sumu ya bakteria. Ikibaki kidogo tu, inanasa kwenye kipokezi kiitwacho TLR4, protini ya seli inayotambua vijidudu, na kuamsha kinga ya mwili kwa kishindo. Hapo utaisifu peptidi kwa kazi iliyofanywa na uchafu. Kuchemsha nako hakusaidii. Endotoksini huvumilia hata otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzijoto 121, ndiyo maana vyombo vya kioo tunavioka kwa 250.

Protini haiokwi, basi nikaisafisha kwa Triton X-114. Ni sabuni ya ajabu: kwenye barafu mchanganyiko unabaki angavu, ukiupasha hadi nyuzijoto 37 unageuka mweupe kama maziwa. Ukishauzungusha kwenye sentrifuji, tabaka zito la sabuni linatuama chini likiwa limebeba endotoksini. Unavuta maji ya juu taratibu, unarudia tena na tena. Pipeti ikigusa lile tabaka, kazi yote inaanza upya.

Lakini usafi peke yake si ushahidi. Peptidi yetu ina mikia miwili ya mafuta na hupitia kipokezi kingine, TLR2. Kwa hiyo nilitumia panya wa ukoo wa C3H/HeJ, ambao TLR4 yao haifanyi kazi kutokana na badiliko la jeni, endotoksini haiwashtui. Kwao peptidi iliendelea kuongeza kingamwili vilevile. Kisha nikachanja panya walioondolewa jeni ya TLR2, na hao peptidi haikuwaongezea chochote, wakawa sawa na waliopewa protini tupu. Kwangu mimi, matokeo ya panya hao wa aina mbili yanazidi grafu zote tulizochora kabla.

Likabaki swali la ubora. ELISA, kipimo tulichotumia kupima kingamwili, huonyesha kingamwili zinazonata tu, haisemi kama zinazuia virusi. Kwa hiyo nilichanganya seramu ya panya (majimaji ya damu yenye kingamwili) na virusi na seli nyekundu za damu. Virusi vya mafua hushikamanisha seli hizo. Kingamwili zikivizuia, seli zinashuka chini ya kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, na kuwa kitone. Nilikuwa nainamisha sahani na kungoja: kitone kikichuruzika, seli ziko huru. Seramu niliitibu kwanza usiku kucha kwa kimeng'enya, maana seramu ya panya ina vitu vyake vinavyoweza kuzuia virusi hata bila kingamwili. Sikutaka mdanganyifu wa pili.

Seramu za kundi la peptidi zilizuia virusi hata zilipozimuliwa sana. Kwa watu wazima, kiwango cha 1:40 (seramu iliyozimuliwa mara 40 bado inazuia virusi) katika kipimo hiki huhusishwa na kupungua kwa hatari ya kuugua kwa takriban nusu. Niliombwa kuchora mstari wa kiwango hicho kwenye grafu ya panya. Nilikataa, kwa kuwa kiwango hicho kilipatikana kwa watu.