Alexander Nevsky kwenye njia ya Sarai

Siku hizi nasoma habari za Alexander Nevsky, mtawala wa Warusi wa karne ya 13, na simalizi kurasa mbili bila kubishana naye. Sifa zake nyingi ni za vita: aliwapiga Waswidi kwenye Mto Neva mwaka 1240, na mwaka 1242 akawashinda mashujaa wa Kijerumani pale Ziwa Peipus, juu ya barafu. Sawa, hodari. Lakini mimi namwona zaidi njiani, akienda na zawadi kwa Wamongolia, waliokuwa wamezitiisha nchi za Warusi.

Baba yake, Yaroslav, alifia Mongolia mwaka 1246, na minong'ono ikasema alilishwa sumu na mama wa khan, mtawala mkuu wa Wamongolia. Mwaka uliofuata Alexander akafunga safari kwenda kwa Batu, khan wa Wamongolia wa upande wa magharibi, na kutoka kwa Batu akapelekwa huko huko alikofia mzee wake. Alirudi salama. Mwaka 1248 Papa Innocent IV alimwandikia akimtaka aungane na Kanisa la Roma, akakataa. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na yeye alibusu wa mashariki.

Alikosea? Mtazame Daniel wa Galicia, mtawala mwenzake wa Warusi upande wa kusini-magharibi. Huyu naye alikwenda kwa Batu, akaulizwa kama anakunywa kinywaji cha wenyeji, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Akanywa. Baadaye Batu akampelekea divai, kwa kuwa mgeni hakuyazoea maziwa yale. Ukarimu wa namna hiyo unauma kuliko kofi, na mwandishi wa kumbukumbu za Galicia aliomboleza kwamba heshima ya Watatari, yaani Wamongolia hao hao, ni mbaya kuliko uovu wenyewe. Daniel akageukia Roma, akavikwa taji na mjumbe wa Papa mwaka 1253. Taji lilifika, jeshi la kumsaidia halikufika, na miaka michache baadaye ngome za nchi yake zikabomolewa kwa amri ya Burundai, jemadari wa Wamongolia.

Kwa hiyo Alexander aliusoma upepo vizuri. Hapo namkubali. Ninapokwama naye ni Novgorod, mji wa Warusi wa kaskazini uliokuwa chini yake.

Mji huo Wamongolia hawakuwahi kuuteka. Mwaka 1257 ikaja habari kwamba wakazi wake nao watahesabiwa ili walipe kodi, na mji ukachafuka. Vasily, mwana wa Alexander aliyekuwa akitawala pale, akakimbilia Pskov badala ya kusimama na baba yake. (Ni Vasily huyu huyu ambaye miaka michache nyuma baba alituma wajumbe kwa mfalme Haakon wa Norwei, kumwombea uchumba wa Kristina, binti wa mfalme huyo, na kumaliza ugomvi wa mpakani. Ndoa haikufungwa, Kristina akaja kuolewa Castile, huko Hispania.) Alexander alimfukuza kutoka Pskov, na waliodaiwa kumpotosha wakakatwa pua, wengine wakang'olewa macho.

Majira ya baridi ya 1259 wahesabuji walirudi. Wakaogopa kuuawa, wakaomba ulinzi, na Alexander akaamuru wana wa wakubwa wa mji wenyewe wawalinde usiku. Baadaye Watatari wakapita mtaa kwa mtaa wakiandika nyumba. Kubusu mkono wa adui ukiwa peke yako ni jambo moja. Kuwashika wenzako shingo ili nao wabusu ni jambo jingine kabisa.

Halafu, nikishaamua kumchukia, unakuja mwaka 1262. Rostov, Suzdal na miji mingine iliwafukuza wakusanya kodi, na wengine wakauawa. Jibu la kawaida la Wamongolia lilikuwa moto. Alexander akaenda Sarai, makao makuu ya Wamongolia wa magharibi, kwa khan Berke kuomba radhi, na kuomba pia watu wake wasichukuliwe vitani. Berke akamkalisha huko majira yote ya baridi. Aliporuhusiwa kuondoka alikuwa mgonjwa, akafia Gorodets Novemba 1263, hajafika kwake. Kwa safari hiyo simdai kitu.